Kijiti cha Kupimia Ndegwa

Nekesa mwanangu,

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza ilikuambia ufunge sanduku lako kwa kamba, maana kufuli lake ni la kuonyesha tu. Ya pili ilikuambia uvae soksi mbili mbili, kwa sababu huko unakokwenda kuna baridi ya mlimani. Ya tatu ilianza vizuri, ikafika mstari wa tano ikaingia kwenye habari za breki, nikajiona mjinga. Zote tatu nimezipangusia grisi. Mambo ya kamba na soksi nyanya yako atakuwa amekwisha kukuambia huko Kisumu Ndogo ulikokwenda kumuaga, na kama ninavyomjua, atakuwa amekufungia omena za kutosha shule nzima.

Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Nimekaa gereji, kwenye kile kiti cha gari kilichopasuka ambacho zamani ulikifanya kitanda cha mwanasesere wako. Nimefunga geti ili watu wadhani sipo. Utarudi jioni, tutakula, utaniuliza kwa nini nimenyamaza, nami nitasema ni uchovu. Kwa hiyo naandika sasa, kabla sijapata nafasi ya kukudanganya tena.

Nimeandika "tena". Basi nadhani tayari nimeanza.

Wiki iliyopita Mzee Njuguna alikuja mlangoni kwetu, kofia mkononi. Tangu tuhamie kwenye ploti yake hapa Kawangware sijawahi kumwona akivua kofia mbele ya mpangaji. Akasema, "Nekesa, Jumatatu mimi naenda kuona shamba ya ndugu yangu huko juu. Hiyo shule yenu ya manesi iko njiani. Nitakupeleka na Ndegwa mpaka kwa geti."

Ukamjibu kwa adabu, hilo sikatai. "Asante, mzee. Kuna basi."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Ndipo ukanigeukia mimi, na sauti yako haikuwa ya chini: "Heri nifike na miguu. Hiyo gari ilimkataa mathe, na mimi nimeikataa pia."

Alisikia. Alikuwa hajapita hata bomba la maji. Aligeuka akanitazama mimi, si wewe, nami nikainama nikaanza kutafuta spana namba kumi na tatu, ambayo nilikuwa nimeishika.

Sasa naandika lile nililopaswa kulisema siku ile, na miaka kumi na mitatu kabla ya siku ile. Njuguna hakumnyima mama yako gari. Siku mama yako alipozidiwa, gari halikuwa na magurudumu ya mbele. Mimi ndiye niliyeyatoa.

Nimeyaangalia maneno hayo kwa muda mrefu. Nilidhani nikishayaandika kichwa kitatulia. Hakijatulia, kimezidi kuvuruga, kwa sababu sasa naona kwamba hayo maneno ni ya kweli na bado hayatoshi. Acha nianze mbali kidogo, unisamehe nikizunguka.

Wewe unalijua Ndegwa kama gari kuukuu la mzee mkaidi. Ungeliona siku lilipoingia Kawangware! Mzungu mmoja wa Amerika alikuwa anarudi kwao, na Njuguna akalichukua. Milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, na usukani upande wa kushoto, kwa hiyo abiria ndiye anayekaa kulia. Likiwashwa, kuku wa ploti tatu walikuwa wanakimbia. Mzee akaliita Ndegwa, yaani fahali kwa lugha yao, na watoto wakalipigia saluti.

Lakini lilitengenezwa kwa barabara za kwao, zilizonyooka. Springi zake zilikuwa laini kama godoro. Kwenye kona lilikuwa linalala kama mlevi, kwenye mashimo yetu linakwangua tumbo, na breki zake za zamani zikilowa maji, lilisimama lilipopenda lenyewe. Ukilisukuma likimbie kama lilivyoumbwa kukimbia, ulianza kusali.

Na bado ndilo lilikuwa gari la ploti. Hili hujawahi kuambiwa, na hapo pia ni kosa langu. Mtu akizidiwa na homa, mwanamke akishikwa na uchungu, watu waligonga kwa Njuguna. Alinung'unika, alilalamikia viti vyake, halafu alikwenda. Watoto watatu wa ploti hii walifika hospitali wakiwa tumboni ndani ya Ndegwa. Yule wa tatu nusura azaliwe pale kwenye kijito, gari lilipogonga jiwe. Kesho yake Njuguna alikuja hapa gereji.

"Fundi," akasema, "hii kitu utaifanyia nini? Mimi sitaki kuzalisha mtu kwa gari."

Ndivyo ilivyoanza. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa springi tu. Nilitoka kwetu Bungoma nikijua kukoka moto na kukunja chuma, basi. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba kule kwenye mitaa ya viwanda kuna gari la mashindano lililobiringika, na vyuma vyake vinauzwa kimoja kimoja. Nikaenda. Nikapata shokabzoba ngumu za kisasa, nikapata breki za diski za magurudumu ya mbele, nikapata na kile chuma kirefu kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa gari la Njuguna. Kila kimoja nilikitafutia mahali pake, nikakata, nikachoma, nikatoboa, nikakosea, nikaanza upya.

Mwanangu, sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile. Naona haya kuandika hivyo nikijua iliishia wapi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikifikiria boliti. Mama yako alinisemesha mambo ya mtoto anayekuja, jina tutakalompa, na mimi niliitikia "ehe, ehe" huku nachora breki kwenye meza kwa kidole kilicholowa chai. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilijua ni minane kwa sababu yeye alinihesabia. Siku moja aliniuliza, "Baba Nekesa, nikikwambia nimeolewa na mtu mwingine utasikia?" Nikasema, "Ehe." Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuja kuelewa alichosema kesho yake, nikiwa chini ya gari.

Sasa kuhusu kijiti. Umekiona maisha yako yote. Ni kile kijiti cha mkaratusi kilichoning'inia kwenye msumari juu ya jeki, na siku moja nilikuchapa kofi ulipotaka kukitumia kukorogea uji wa mwanasesere. Ulilia, na hukujua kosa lako. Mimi pia sikukueleza.

Ukibadilisha springi, huwezi kupima kimo cha gari likiwa tupu. Gari tupu linadanganya. Lazima wakae watu ndani, wale wale au wanaolingana na wale watakaolipanda, ndipo upime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, kila upande, uongeze kipande hapa, upunguze pale, mpaka lisimame sawa. Mafundi wa mjini walikuwa na mashine za kazi hiyo. Mimi nilikuwa na majirani.

Ilikuwa Jumatano. Njuguna akakaa kwenye usukani, tayari na kofia. Nyuma nikawapakia Omondi seremala na kaka yake. Kiti cha mbele nilimtaka mke wa Njuguna, kwa sababu ndiye aliyekuwa anakaa hapo wakienda kanisani. Alisimama mlangoni kwake akasema hivi, "Mimi si gunia ya viazi," akaingia ndani. Nikamwita mama yako.

Alikuja akifuta mikono kwenye leso. Kuingia tu ilikuwa kazi, mlango mrefu, kiti kiko chini, tumbo linatangulia. Alipokaa alianza kucheka. Nilikuwa nimepiga magoti na kijiti changu na kisu, nataka kukata alama, na gari linatikisika.

"Mama Nekesa, tulia. Springi inacheza."

"Si wewe umeniita gunia? Gunia linatulia?"

Omondi naye akaanza kucheka, hata Njuguna, na ukimjua Njuguna unajua hiyo si kawaida. Kila nilipoweka kijiti, bodi lilipanda na kushuka upana wa ukucha. Mwishowe nilikata kijiti nikikisia katikati. Kwa hiyo kile kijiti si kipimo kamili, Nekesa. Ni kipimo cha mtu anayecheka, na ndani yake kuna mdogo wako ambaye hatukuwahi kumpa jina.

Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka mitano, umekaa juu ya tairi unakula muwa. Sijui kama unakumbuka. Nimewahi kutaka kukuuliza mara nyingi nikaogopa utaniuliza na lingine.

Alhamisi nililiendesha mpaka Dagoretti na kurudi. Ndugu zangu, gari! Lilishika barabara, lilikata kona limesimama wima, na nilipokanyaga breki nusura nigonge kioo kwa pua. Nililia kidogo peke yangu kwenye usukani. Lakini nilipokuwa naingia hapa getini, nikasikia mlio. Tk. Upande wa kulia mbele. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Tk.

Nilijua ni nini kabla sijashuka. Kwenye maungio ya gari kuna mapira madogo, tunayaita bushi, yanakaa kati ya chuma na chuma ili visisagane. Boliti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Unalishusha kwanza, likalie magurudumu yake, libebe uzito wake na wa watu, halafu ndipo unakaza. Ukikaza likiwa hewani, likishuka lile pira linajisokota, na siku moja linachanika. Fundi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Na mimi Jumanne, kwa haraka ya kutaka kuliona limesimama, nilikaza mbili likiwa hewani.

Ijumaa ndiyo siku niliyomwahidi Njuguna gari lake. Asubuhi nilichukua jeki. Mama yako alikuwa anaanika nguo.

"Unafanya nini tena?"

"Inagonga."

"Mimi sisikii kitu. Hiyo gari inatembea, Baba Nekesa. Wacha itembee."

"Wewe si fundi."

Aliendelea kuanika sweta yako.

Nilifungua mbele yote. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kila nikifika, na nimefika hapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Bushi mpya sikuwa nazo. Nilikuwa nimeahidiwa zitapatikana Jumatatu. Gari lenye bushi iliyochanika linatembea, linagonga tu, lingeweza kutembea miezi mitatu likigonga. Ningeweza kungoja. Kwa nini sikungoja? Wakati mwingine nasema ni uaminifu wa kazi, kwamba sikutaka kumpa mtu gari lenye kasoro. Wakati mwingine nasema ni kiburi, kwamba sikuvumilia mtu mwingine asikie ule mlio akajua fundi Wafula alikaza hewani. Kuna siku nyingine nasema nilitaka kuona tu, kama mtoto anayefungua redio. Nimejaribu kuchagua moja nikashindwa. Sababu zote tatu zilikuwa pale, na mkono ulioshika spana ulikuwa mmoja.

Jumamosi mvua ilianza asubuhi. Mchana mama yako akaniita, na sauti yake ilikuwa sauti nisiyoijua. Kulikuwa na damu. Sitakuandikia zaidi ya hapo, utajifunza mengine huko uendako, na utayaelewa kuliko mimi.

Wanawake walikimbia kwa Njuguna kama walivyozoea. Mama mmoja wa ploti ya pili, ambaye hakujua kwamba Ndegwa liko juu ya mawe nyuma ya mabati yangu, ndiye aliyefika wa kwanza. Njuguna alitoka getini. Akasema, "Gari haitoki," akageuka akakimbia. Yule mama aliona mgongo wake tu. Hakuona kwamba alikuwa anakimbilia kwangu, na alipofika alikuta nimelala kwenye tope najaribu kurudisha gurudumu kwenye kitu kisicho na maungio. Alinishika ukosi akaniinua. "Wacha, Wafula. Wacha. Hiyo haiwezi."

Barabara ilikuwa udongo mtupu, hakuna gari ambalo lingepanda kutoka lami. Tukachukua mkokoteni wa maji. Tukamlaza mama yako juu ya godoro, tukamfunika na nailoni. Omondi alivuta mbele, mimi na Njuguna tukasukuma nyuma. Viatu vya Njuguna vilibaki kwenye tope pale penye kona, akaendelea miguu mitupu, kofia imelowa mpaka ikashuka masikioni. Mama yako aliniuliza, "Ndegwa iko wapi?"

Nikamwambia, "Inakuja."

Ndilo neno la mwisho nililomwambia akiwa na fahamu, na lilikuwa uongo. Kule lami tulipata pikapu ya maziwa. Tulifika hospitali. Wote wawili hawakurudi.

Muuguzi wa kwanza aliniambia, "Mngewahi kidogo." Saa moja baadaye akaja mwingine, mtu mzima, akaniketisha kwenye benchi akaniambia nisijitese, kwamba kwa hali ile asingepona hata kama tungekuwa tunaishi getini mwa hospitali. Nimebeba maneno ya wanawake hao wawili miaka kumi na mitatu. Kuna asubuhi ninazoamka namwamini wa kwanza, na nyingine namwamini wa pili. Huenda ukimaliza masomo utaweza kuniambia nani alisema kweli. Sijui hata kama nataka kujua. Hapana, nataka. Andika hilo kwamba baba alisema anataka.

Kurudi kutoka mazishini Bungoma nilikuta hadithi imekwisha kupikwa na kupakuliwa. Njuguna alikataa na gari lake. Mwenye ploti, mpangaji, unajua watu. Wewe uliisikia ukiwa mgongoni mwa nyanya yako, naye aliisikia kwa yule mama wa ploti ya pili. Mimi nilikwenda kwa Njuguna nikamwambia nitasimama nje nieleze ukweli. Alikuwa anakama ng'ombe. Hakuinua kichwa.

"Utaambia nani? Huyo mtoto wako?"

"Watu wote."

"Wewe uko na mtoto wa kulea, Wafula. Akijua ni wewe, atakaa na nani? Mimi watu wananichukia tayari, ni mwenye nyumba. Hii nyingine iongezwe tu."

Nikakubali. Mwanangu, nilikubali haraka sana. Niliondoka pale mwepesi, nikamshukuru moyoni, na kabla sijafika mlangoni kwangu nilikuwa nimeanza kumchukia kwa kunifanya niwe mtu wa kumshukuru. Mpaka leo sijui kama alinifadhili au alinifunga. Nikimwona anapita na ile kofia, siku moja nataka kumwamkia kama baba yangu, siku nyingine nataka ahame, ingawa ploti ni yake. Na yeye hakuwahi kunikumbusha. Ulipoacha kumwamkia, ukiwa darasa la tatu, aliendelea kukuamkia wewe.

Bushi zilikuja Jumatatu kama nilivyoahidiwa. Gari nililiacha wiki mbili ndipo nikaweza kuligusa. Wakati wa kukaza ukafika, nikalishusha chini, safari hii vizuri, na kilihitajika kitu kwenye kiti cha mbele. Hakuna mtu aliyetaka kukaa pale. Njuguna akakaa kwenye usukani, Omondi na kaka yake nyuma, kimya. Nikaweka mawe kwenye kile kiti, moja moja, nimeshika kijiti, mpaka bodi likashuka likagusa alama. Halafu nikakaza.

Ndiyo maana Ndegwa linalala upande wa kushoto Njuguna akiliendesha peke yake: kulia bado linangoja uzito wa watu wawili. Upana wa kidole. Umecheka na mafundi wa hapa wakisema, "Mzee, gari yako imelala, leta tuinyoshe." Umewahi kumsikia akijibu? Huwa anasema, "Wacha ilale." Mkewe hajawahi kukaa tena kwenye kile kiti, hukaa nyuma. Nilimwambia Njuguna mara mbili kwamba naweza kulisawazisha kwa nusu siku. Alinitazama kama nimemwambia ahamishe kaburi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichafue karatasi nne. Ulipoandika barua ya kuomba shule, ulinipa niisome, niangalie makosa. Uliandika kwamba unataka kuwa muuguzi kwa sababu mama yako alikufa mtu mwenye gari alipokataa kulitoa. Niliisoma hapa hapa, kwenye kiti hiki. Nikakurudishia nikasema, "Ni nzuri. Mwandiko safi." Na wale masista wenye shule walipokuita, ulirudi ukiwa na furaha, ukaniambia hilo ndilo lililowagusa. Ukaniuliza kwa nini sifurahi.

Nimefikiri sana kama nikuache uende nalo. Limekufikisha mbali. Umesoma kwa hasira ile, ukiwa na taa moja na kelele za gereji, ukapita wote. Nikiitoa leo, sijui utasimama juu ya nini, na mimi sitakuwepo kukuona ukiyumba. Omondi ananiambia, "Mwache mtoto aende na amani yake." Labda ana haki. Lakini si amani, ni hasira, na umeielekeza kwa mtu aliyepoteza viatu vyake akimsukuma mama yako. Huko utakutana na waume wanaochelewa na wake zao, na utakuwa umeshajua kwa nini wamechelewa kabla hawajafungua mdomo. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa unichukie.

Kunichukia kwako nimekufikiria pia. Nimejiambia liwe litakalokuwa, halafu nikaikunja karatasi, nikaikunjua tena. Sikuombi unisamehe kwenye barua, huo ungekuwa ujanja. Likizo utakuja, au hutakuja. Nyanya yako nitamwendea mwenyewe Jumanne, nimwambie uso kwa uso. Masista ni juu yako, uwaambie au usiwaambie, mimi sijui lililo sawa na sitajifanya najua.

Sina mawaidha mengi. Nimejaribu kutafuta kitu cha kukuachia nikaona ninachojua kwa hakika ni kidogo sana: usifungue kitu kinachotembea kabla hujashika mkononi cha kubadilishia. Na hata hilo, ukiniuliza kama nililifuata baada ya siku ile, nitakuambia si mara zote. Mama yako alikuwa na sikio zuri kuliko langu. Aliposema hasikii kitu, labda alikuwa anasikia yaliyokuwa na maana.

Jana nilikwenda kwa Njuguna. Nilimwambia kwamba nitakuandikia. Akasema, "Sasa ameshakua." Halafu akasema, "Mimi nitapasha moto gari saa moja. Akipanda, amepanda. Asipopanda, bado naenda kuona shamba."

Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako pamoja na kijiti. Usiku huu tukishakula sitalala nyumbani, nitalala kwa Omondi, ili usome bila kunisikia nikipumua upande wa pili wa pazia. Saa moja asubuhi nitakuwa hapa nje, nimesimama pale penye bomba, mahali ninapoweza kuona magurudumu ya mbele. Ukienda kwa basi nitakubebea mzigo mpaka steji, nisikuulize kitu.

Lile gauni la bluu la mama yako ulilojaribu Ijumaa lilikukaa bila kushonwa popote. Niliona, ingawa nilijifanya nasoma gazeti. Umekuwa mwili wake kabisa.

Kwa hiyo ukipanda, kaa mbele, kulia. Na sanduku usiliweke kwenye buti, mama. Lipakate.

Ni mimi baba yako,
Wafula